Joto la Gia Boksi ya Otomatiki katika Pikapu Kuukuu: Chanzo Chake na Njia ya Kulichunguza

Miongoni mwa mashine zote zilizomo chini ya pikapu iliyokwisha kutumika miaka ishirini au zaidi, hakuna inayohukumiwa upesi bila ya kusikilizwa kuliko gia boksi ya otomatiki. Kwani ikisha kupata joto, taa ikawaka au harufu ya kuungua ikapanda hadi kwenye kiti cha dereva, aghalabu fundi wa kwanza kuitazama hutamka kwamba imekufa, na mwenye gari, ambaye huenda riziki ya nyumba yake nzima imefungamana na pikapu ile, huanza kuhangaikia fedha za kununua nyingine iliyofunguliwa katika gari lililovunjwa ng'ambo, isiyojulikana ilibebeshwa nini wala ilitunzwa vipi. Muradi wa makala haya ni kuonyesha kwamba joto hilo ni hesabu yenye pande mbili tu: ama linazaliwa kupita kiasi, ama linalozaliwa ni la kawaida lakini halipati njia ya kutoka, na kwamba mtu anayejua ni upande upi ulioharibika kabla ya kushika spana, mara nyingi hulitengeneza gari lake kwa gharama ya bomba, au feni, au filta.

Joto hilo halizaliwi sana na gia zenyewe, maana meno ya chuma yaliyochongwa vema na kuoga mafuta hupoteza nguvu kidogo. Huzaliwa zaidi katika konveta, chombo cha mviringo kilichokaa baina ya injini na gia boksi, mahali ambapo katika gari la kawaida pangekuwa na klachi ya mguu. Kanuni yake ilibuniwa na Hermann Föttinger, mhandisi wa Kijerumani aliyeisajili mwaka 1905 kwa ajili ya meli za mitambo ya mvuke, na General Motors ilipoleta gia boksi ya Hydra-Matic katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940, ndipo gia boksi ya otomatiki kamili, yenye kupitisha nguvu kwa njia ya mafuta, ilipoanza kuuzwa kwa wingi katika magari ya watu binafsi. Mfano wa konveta ni feni mbili zilizoelekezana uso kwa uso: moja ikizungushwa, upepo wake huizungusha ya pili ingawa hazigusani, ila humu pahala pa upepo pana mafuta, na kati ya zile mbili pana gurudumu la tatu lenye mapanga, liitwalo steta, linaloyarudisha mafuta kwa pembe ifaayo ili nguvu iongezeke. Maadamu ile ya pili inazunguka polepole kuliko ya kwanza, nguvu iliyopotea katika tofauti hiyo haina pengine pa kwenda; hugeuka joto ndani ya mafuta.

Ukubwa wa joto hilo hauaminiki mpaka mtu aupige hesabu. Tuchukue pikapu yenye uzito wa tani 3 pamoja na shehena, inayopanda mlima ambao kila mita 10 za njia huinuka mita 1, kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa. Kuuinua tu uzito ule kwataka takriban kilowati 25. Na tukisema kwamba konveta, ikiwa haijajifunga kwa klachi yake ya ndani itakayoelezwa mbele, hupitisha sehemu nne katika tano za nguvu inayopokea, basi yapata kilowati 6 hubakia ndani ya mafuta. Lita 10 za oili, kama zingeachwa zipokee joto hilo pasipo kupozwa na pasipo chuma cha gia boksi kulipunguza, zingepanda kiasi cha nyuzi 20 za Selsiasi kila dakika. Mwenye kuupanda mlima wa Kitonga, katika njia ya Iringa, nyuma ya lori lililolemewa, au mwenye kupanda kutoka Birkat al-Mawz hadi uwanda wa Saiq huko Oman katika msimu wa jua kali, hukaa katika hali hiyo kwa muda mrefu, na kinachomwokoa ni kipozeo cha oili peke yake.

Nao mpaka kati ya usalama na uharibifu si mpana. Oili ya gia boksi, ambayo mafundi wengi huiita hidroliki, hufanya kazi kwa raha baina ya nyuzi 80 na 95. Karibu na nyuzi 115 huanza kuacha utando wa rangi ya hudhurungi juu ya valvu, zikawa zinakwama. Karibu na 130 sili za mpira huwa ngumu na kupasuka. Na ikifika 145 au 150 pleti za klachi huteleza na kuungua. Kwa kanuni iliyozoeleka kwa wajenzi wa gia boksi, kila nyuzi 10 au 11 zinazozidi kiasi hupunguza umri wa oili kwa nusu, na hii ndiyo sababu ya gari lililopandishwa milima kwa joto la 120 msimu mmoja tu kuwa na oili iliyochakaa kuliko ile ya gari la tambarare lililotembea miaka.

Kabla ya yote, ni wajibu kupata yakini kwamba joto lenyewe lipo. Pikapu kuukuu ina waya kuukuu, na sensa ya joto iliyoliwa na kutu yaweza kuwasha taa ilhali oili ni ya vuguvugu. Kipimo chepesi ni kuliacha gari lilale usiku kucha, na asubuhi, kabla ya kuwasha injini, kusoma joto la gia boksi kwa mashine ya kusomea kompyuta ya gari: likitofautiana sana na joto la hewa, sensa ni mwongo. Ikiwa gari ni la zamani kiasi cha kutokuwa na sensa, basi ni kutumia kipimajoto cha miale, kwa hadhari hii moja, kwamba chuma kinachong'aa hukidanganya kipimo na kukifanya kisome chini kuliko hali halisi. Bandika kipande cha utepe mweusi usiong'aa ubavuni mwa sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya gia boksi, na upime juu ya utepe huo. Hali kadhalika, mtu ajue anapima wapi. Oili itokayo katika konveta kwenda kwenye kipozeo, gari likiwa na mzigo, yaweza kuwa na joto la juu mno kuliko ile iliyotulia ndani ya sampu, hata mafundi wawili wakagombana juu ya gari moja, na kila mmoja akawa amesema kweli.

Ikisha kuthibiti kwamba joto lipo, oili ndiyo ya kuulizwa kwanza, kwani haigharimu kitu. Dipstiki husomwa gari likiwa mahali pa sawa, injini inaunguruma, oili imekwisha kupata joto la kazi, na mkono wa gia umepitishwa kila mahali na kurudishwa kwenye P; isipokuwa katika pikapu za Dodge za miaka ya 1990, ambazo husomwa kwenye N, kwa kuwa katika P pampu yake haijazi konveta wala haipeleki oili kwenye kipozeo. Oili ikipungua, pampu huvuta hewa, shinikizo hushuka, na pleti huanza kuteleza. Ikizidi, sehemu zinazozunguka huichapa ikatoa povu, na povu halipozi wala halibani. Wengi huogopa upungufu na kusahau kwamba kuzidisha nako huleta maradhi yaleyale. Kisha oili idondoshwe juu ya kitambaa cheupe. Ile nyekundu au ya hudhurungi nyepesi isiyonuka bado ina uhai. Nyeusi yenye harufu kali ya kuungua inatoa habari ya pleti zilizokwisha kuteketea. Na yenye rangi ya waridi iliyochanganyika na weupe, nzito kama maziwa, imeingiwa na maji ya rejeta. Katika hali hii ya mwisho gari lisiendeshwe hata kilomita moja, maana maji na glaikoli huibandua karatasi ya msuguano kutoka kwenye pleti, na kila dakika inayopita hupunguza tamaa ya kuiokoa gia boksi.

Hapo ndipo swali kuu linapoulizwa: je, injini nayo inapata joto? Jawabu lake hugawa uwanja mzima wa uchunguzi. Katika pikapu nyingi, oili ya gia boksi hupitishwa ndani ya tangi la rejeta, chini au ubavuni, ikapoe kwa maji ya injini. Kwa hiyo rejeta iliyoziba kwa chumvi ya maji ya kisima, au iliyofunikwa kwa tope na wadudu, au ambayo feni yake haishiki kwa kuwa mafuta ya silikoni yaliyomo katika kiungo chake yamevuja, hutesa injini na gia boksi kwa pamoja. Feni hiyo hupimwa kwa mkono injini ikiwa imezimwa: ikiwa ya moto, kiungo kizima hakina budi kuukinza mkono; ikizunguka ovyo, au ikitikisika, haifai. Nami naamini kwamba gia boksi nyingi zimebadilishwa Dar es Salaam na Mombasa hali kosa lilikuwa katika feni hii, ambayo bei yake haikaribii bei ya gia boksi iliyotumika.

Lakini ikiwa mshale wa injini umetulia mahali pake na gia boksi peke yake ndiyo inayochemka, basi shaka inahamia kwenye njia ya oili yenyewe. Mabomba ya chuma yanayoelekea kwenye rejeta hupondwa na jaki iliyowekwa pasipo pake; vipande vya mpira vilivyoungwa katikati huvimba na kubanduka kwa ndani, nje vikaonekana salama; na katika pikapu za Dodge nilizozitaja, bomba la oili lilitiwa kivalvu cha kuzuia oili isirudi nyuma gari likiwa limesimama, nacho huziba kwa uchafu na kuibana njia nzima. Kipimo chake hakihitaji mtambo. Bomba la kurudishia oili hufunguliwa, likaunganishwa na mpira unaoingia ndani ya chombo kisafi chenye alama za lita, kisha injini huwashwa bila ya kuongezwa mafuta, na mtu wa pili husimama tayari kuizima. Kwa gia boksi nyingi za pikapu, lita moja hivi yapaswa kutoka katika nusu dakika au pungufu yake, kwa mkondo usiokatikakatika wala kutoa povu. Ikitoka kidogo, bomba la kupelekea nalo hufunguliwa kabla ya rejeta, na kipimo kikarudiwa: ikimwagika vema hapo, kizuizi kiko katika kipozeo, ikiendelea kuwa haba, kiko ndani ya gia boksi, yaani filta, pampu au konveta. Asiyethubutu kufungua mabomba na ajaribu kulinganisha joto la bomba la kwenda na la kurudi. Yakitofautiana wazi, la kurudi likiwa bado na vuguvugu, kipozeo kinafanya kazi; yakiwa sawa na yote ya moto, oili inapita bila ya kupozwa; na moja likiwa la moto mno huku la pili likikaribia ubaridi wa hewa, oili haipiti kabisa.

Sasa tuuangalie upande wa pili, wa joto linalozaliwa kupita kiasi ilhali njia ya kutokea ni nzima. Hapa sababu nyingi hazimo ndani ya gia boksi hata kidogo. Breki iliyoganda hulifanya gari livute mzigo usioonekana, na dawa ya kuligundua hilo ni kuigusisha miale ya kipimajoto kwenye rimu zote nne baada ya mwendo mfupi. Silensa iliyoziba huinyima injini nguvu, dereva akakanyaga zaidi, na bomba lake lililo jirani na sampu likaongeza harara yake. Tairi kubwa kuliko zile za kiwandani, ambazo vijana huzipenda kwa umbo, huifanya injini ihangaike katika gia ya juu, na konveta ikateleza safari nzima. Fauka ya hayo, uko uzoefu mbaya wa kupanda mlima mkono wa gia ukiwa kwenye D na ovadraivu imeachwa ifanye itakavyo, gia ikipanda na kushuka bila ya kutulia, na kila badiliko likiwa ni msuguano mpya wa pleti. Kitufe cha kuzima ovadraivu kiliwekwa kwa sababu hiyo hasa, wala si pambo. Mwenye shehena akizime kabla ya mlima kuanza, na mlima ukizidi ashike 2.

Ikiwa hayo yote ni salama, ichunguzwe klachi ya kuifunga konveta. Katika gia boksi nyingi zilizotengenezwa tangu miaka ya 1980, gari likishika mwendo wa kutulia, klachi ndogo iliyomo ndani ya konveta hufunga pande zake mbili zikawa kitu kimoja, mtelezo ukaisha, na joto likashuka. Ikishindwa kufunga, kwa solenoidi iliyokufa, au waya uliokatika, au swichi ya taa ya breki iliyokaa vibaya ikalidanganya gari kwamba dereva amekanyaga breki, basi konveta huteleza hata kwenye barabara ya tambarare. Dereva mwenyewe aweza kuipima: akiwa katika kilomita 80 au 90 kwa saa, injini ikiwa na joto lake, aushikilie moto kwa kiasi kimoja na kugusa breki kidogo tu kwa mguu wa kushoto. Geji ya mizunguko ikiruka kwa mia kadhaa na kisha ikarudi, klachi ilikuwa imefunga. Isipojitikisa, haikufunga, na hapo ni kuanza na swichi ya breki, ambayo fundi wa umeme huikagua kwa dakika chache.

Linalofuata ni shinikizo la oili, nalo katika baadhi ya pikapu za umri huu hutawaliwa na kitu kidogo ambacho wengi hudhani ni cha kuongezea moto tu. Gia boksi ya 700R4 ya General Motors, iliyotoka mwaka 1982, na A340E ya Toyota zote zina kebo inayotoka kwenye koo la injini hadi ndani ya gia boksi, ambayo kazi yake ni kuieleza gia boksi dereva amekanyaga kwa kiasi gani, ili shinikizo liongezeke sawasawa na nguvu ya injini. Kebo ikilegea, nguvu huja nyingi na shinikizo hubaki dogo, pleti zikateleza bila ya mtu kuhisi, na katika 700R4 za pikapu zilizobebeshwa mzigo pleti za gia ya tatu na ya nne huteketea kwa safari chache. Kwa A340E kipimo chake ni hiki: moto ukanyagwe mpaka mwisho, na uangaliwe mwanya baina ya ncha ya mpira wa kebo na kile kikomo kilichobanwa juu ya kebo yenyewe, uwe kati ya 0 na milimita 1. Nimewaona mafundi wakifunga koo la injini nyingine, kebo ikiachwa inaning'inia kwa kuwa haikupata pa kushika, na gari likarudishwa kwa mwenyewe likiwa limekwisha kuhukumiwa kufa bila ya yeyote kujua.

Baada ya hapo tu ndipo sampu ishushwe. Sumaku iliyomo ndani yake huwa na uji mwembamba wa kijivu, nao si wa kuutia mtu hofu, kwani ni uchakavu wa kawaida wa chuma. Vipande vyeusi vinavyosagika baina ya vidole ni msuguano wa pleti. Chembe za rangi ya dhahabu ni bushi. Na vipande vya alumini vinavyong'aa, visivyoshikwa na sumaku, hutoka katika pampu, au steta, au kasha lenyewe. Steta ina habari yake ya pekee: klachi yake ya upande mmoja ikishindwa kushika, gari huondoka kwa unyonge lakini hutembea vema likisha kupata mwendo; ikiganda isizunguke, huondoka kwa nguvu kisha likaishiwa pumzi barabarani, na konveta ikapata joto kali kiasi cha kugeuka rangi ya buluu. Kipimo cha kukanyaga breki na moto kwa pamoja, kinachofichua makosa haya, si cha kumwachia kila mtu: nguvu yote ya injini hugeuka joto ndani ya konveta, wala hakipaswi kuzidi sekunde 5, na katika gia boksi iliyokwisha kudhoofika naona heri kisifanywe.

Kuhusu oili, nina rai ambayo si mafundi wote watakaoikubali. Pikapu iliyokaa miaka mingi bila ya kubadilishwa oili, na oili yake ni nyeusi, isisukumwe kwa mashine ya kubadilisha yote kwa mara moja. Kushusha sampu hutoa sehemu tu ya oili, iliyobaki ikiwa imo katika konveta na mabomba. Basi ibadilishwe hiyo pamoja na filta, gari litembee majuma machache, na kazi irudiwe, mpaka oili isafike taratibu. Iwe ni oili iliyoandikwa katika kitabu cha gari, wala isichanganywe na dawa za chupa zinazoahidi kuzifufua pleti, maana karatasi iliyokwisha kuungua haifufuki kwa kitu chochote. Kipozeo cha ziada, kikiwekwa mbele ya rejeta penye upepo, ni fedha iliyotumika kwa haki kwa mtu anayebeba mizigo milimani; ila kwa gari lenye kizuizi au pleti zinazoteleza, kitapunguza dalili tu na kuuficha ugonjwa.

Na joto likimkuta dereva njiani, asizime injini papo hapo. Asimame mahali penye upepo, afunge breki ya mkono, aweke gia kwenye N, na aiache injini izunguke kasi kidogo kuliko kawaida yake, kwa maana pampu huzungushwa na injini, na pampu ikisimama oili iliyo moto hubakia imekaa ndani ya konveta ikiendelea kuiva.

Ikiwa uchunguzi wote umekwisha na ushahidi unaonyesha kwamba pleti zimeungua au konveta imeharibika, hapo gia boksi ifunguliwe bila ya kusita. Ila fundi atakayeifunga upya asikubali kuiunganisha na kipozeo cha zamani kabla ya kukisafisha kwa kukisukumia oili safi na hewa kutoka upande wa kurudishia, au kukibadilisha kabisa, kwa kuwa uchafu wa pleti zilizokufa hulala humo, na oili ya kwanza itakayozunguka itaubeba na kuuingiza katika gia boksi mpya. Halafu apime mkondo wa oili kwa lita na dakika, auandike, amkabidhi mwenye gari karatasi hiyo pamoja na joto lililosomwa asubuhi na lile lililosomwa baada ya kupanda na mzigo, ili atakayelitazama gari hili mwakani awe na mahali pa kuanzia.